Mkojo kwanza, kidonge baadaye: kumuuguza mzee mwenye UTI sugu

Mwongozo huu ni wa mtu anayemuuguza mzee nyumbani, Unguja au Pemba: binti, mjukuu, mkwe, au jirani aliyejitolea. Mzee ninayemkusudia ni yule ambaye kila baada ya wiki chache anaambiwa ana UTI (maambukizo ya njia ya mkojo), ameshameza vidonge vya rangi mbili, ameshameza sipro (ciprofloxacin), ameshachomwa sindano, na bado anaungua akikojoa. Jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine: sampuli ya mkojo itangulie, dawa ifuate. Ukianza na dawa, maabara haitaweza tena kukwambia kwa uhakika ni bakteria gani anayemsumbua na ni dawa gani bado inamuua.

Hatua ya kwanza: hakikisha tatizo ni la mkojo kweli

Maambukizo ya kibofu huja na dalili mpya, ndani ya siku chache. Mzee anaungua akikojoa, anakwenda chooni kila mara na kutoa matone, anabanwa hadi hawahi kufika, anaumwa chini ya kitovu, au mkojo unatoka na damu. Bakteria wakipanda hadi kwenye figo, huja homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni, na kutapika.

Mkojo kunuka au kuwa na rangi nzito, peke yake, si UTI. Mara nyingi ni maji tu yamepungua mwilini. Na kuna jambo ambalo familia nyingi hazijawahi kuambiwa: wazee wengi wana bakteria kwenye kibofu bila ya kuumwa chochote. Tafiti zilizofanywa katika nyumba za wazee huko Ulaya na Marekani zimekuta kuwa robo hadi nusu ya wanawake wanaoishi humo wana bakteria kwenye mkojo na hawana dalili yoyote. Mzee wa namna hiyo akipimwa kwa kijiti kinachochovywa kwenye mkojo, kijiti kitabadilika rangi. Mkojo ukitiwa kwenye darubini, seli za usaha zitaonekana. Na karatasi itaandikwa UTI. Kumpa antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, hakumsaidii. Bakteria watarudi, na watakaorudi ni wale ambao dawa ile imeshindwa kuwaua.

Kinachowachanganya watu zaidi ni mzee kubadilika akili ghafla. Jana alikuwa akikutajia vitukuu wake mmoja mmoja, leo hajui yupo nyumba ya nani, usiku mzima halali, anazungumza na watu usiowaona. Mmoja wa nyumbani atasema kachezewa, mwengine atasema ni mkojo. Huenda kweli ikawa ni mkojo, hasa kama ana homa au dalili nilizozitaja. Kama hana, tafuta kwengine kwanza. Amekunywa maji kiasi gani tangu jana? Amepata choo kikubwa lini? Kama ana kisukari, kipimo chake kinasema nini sasa hivi? Ana kikohozi, au anahema kwa tabu? Ameanguka na kujigonga kichwa? Ameanzishiwa dawa mpya, hasa ya usingizi au ya mafua? Amepimwa malaria? Yote haya humchanganya mzee akili, na antibayotiki ya mkojo haitibu hata moja. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni sababu ya kumfikisha kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama hujui chanzo.

Hatua ya pili: zijue dalili zisizongoja

Ukiona mzee anatetemeka kwa baridi na mwili unachemka, au mikono yake imekuwa baridi na anahema haraka haraka, au haamki vizuri ukimwita, au anatapika kila anachokunywa, au hajakojoa tangu asubuhi na tumbo la chini limejaa na kuuma, hiyo ni safari ya hospitali hata ikiwa ni saa nane za usiku. Kwa aliye Unguja ni Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu zaidi. Kwa aliye Pemba ni Chake Chake, Wete, Micheweni, au Abdulla Mzee pale Mkoani. Kwa anayeishi Kojani au Tumbatu, ambako kuna kuvuka maji, usingoje hadi hali iwe mbaya kabisa. Chombo kitafutwe mapema.

Usidhani kuwa homa ya mzee lazima iwe kali. Mwili wa mtu wa miaka 80 huweza kuwa na maambukizo makubwa kwenye damu huku kipimo cha joto kikionyesha kidogo tu zaidi ya kawaida, au hata chini yake. Mtazame yeye kuliko kipimo. Huko hospitali dawa itaanzishwa mara moja bila ya kungoja majibu, na ndivyo inavyotakiwa. Wewe omba kwa adabu jambo moja tu: mkojo uchukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, na damu pia kama wanaweza kuiotesha, yaani kuwakuza bakteria waliomo ili wajulikane.

Hatua ya tatu: usipitie duka la dawa

Mazungumzo ya dukani yanajulikana. "Kaka, nipe dawa ya UTI ya bibi." "Ana miaka mingapi? Haya, chukua sipro, asubuhi na jioni, siku tano." Wengine hupewa na flajili (metronidazole) juu yake, wakati flajili haimuui E. coli, bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya UTI. Pencheni jamii ya mzee inaishia hapo, mwezi huu na mwezi ujao, na maradhi yako pale pale.

Kwa nini dawa zinashindwa? Watu husema mwili wa mzee umeizoea dawa. Sivyo. Aliyeizoea ni bakteria. Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu kuna bakteria chungu nzima, na miongoni mwao huwamo wachache wenye uwezo wa kuihimili dawa fulani. Mzee akimeza antibayotiki, wale dhaifu hufa na wale wachache hubaki na nafasi tele ya kuzaana. Kutoka kwenye njia ya haja kubwa hadi kwenye njia ya mkojo ni mwendo mfupi sana, hasa kwa mwanamke. Kwa hiyo UTI inayofuata huletwa na watoto wa wale walionusurika.

Kuna aina ya E. coli na Klebsiella wanaotengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijawadhuru. Karatasi ya maabara huwaandika kwa herufi ESBL. Hawa huvunja dawa karibu zote za jamii ya amoksilini na nyingi za jamii ya seftriaksoni, ile sindano inayochomwa kila pahala. Baya zaidi ni kuwa huweza kupitisha uwezo huo kwa bakteria wengine walio jirani yao, hata wasio wa aina yao. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2024 ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka, limeliweka kundi hili kwenye daraja la juu kabisa la hatari. Watafiti wamekadiria kuwa mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya maambukizo ya bakteria sugu.

Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, aliliona hili mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kuwa huenda ikafika siku ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, akajitibu kwa dozi pungufu, na bakteria wakaibuka wakiwa hawaiogopi tena. Siku hiyo tunaiishi.

Basi badala ya kwenda dukani, chukua daftari. Andika dawa zote alizotumia mzee katika miezi mitatu au sita iliyopita: jina, siku ngapi, zilimsaidia au hazikumsaidia. Kama una maganda ya vidonge, yabandike. Andika kama amelazwa hospitali karibuni, kama amewahi kuwekewa mpira wa mkojo, kama dawa yoyote iliwahi kumvimbisha au kumtoa vipele. Andika na dawa zake za kila siku za presha, kisukari na moyo. Daktari akiona mzee ameshameza sipro mara mbili mwaka huu, hataanza na sipro. Daftari hilo linafanya kazi kubwa kuliko maelezo yoyote utakayoyakumbuka ukiwa kwenye foleni.

Hatua ya nne: kuuchukua mkojo

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kwanza uliza kituoni: mkojo huu mtauotesha, au mtaupima kwa kijiti na darubini tu? Unachokitaka ni kuotesha, pamoja na kujaribu dawa juu ya bakteria atakayeota. Kama kituo hakioteshi, ulizia wapi pa kuupeleka. Chukua kikopo kutoka maabara, kile chenye kifuniko kilichofungwa kwa ajili hiyo. Chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa haifai, hata ukiichemsha.

Anayemsaidia awe mtu ambaye mzee hamwonei haya. Bibi asaidiwe na mwanamke, babu na mwanamume, na mlango ufungwe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kikopo hicho cha nini tena?"

"Cha mkojo bibi, nipeleke ukapimwe. Tupo mimi na wewe tu, mlango nishaufunga."

"Haya. Lakini usinisimamie kwa macho."

Mkalishe pahala imara, au msimamishe akishika ukuta. Nawa mikono yako kwa sabuni. Mchambishe kwa maji safi yanayomiminika, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha mpanguse kwa kitambaa safi. Usitie dettol wala dawa nyengine yoyote. Kwa mwanamke, kunjua midomo ya uke kwa vidole viwili na ubaki umeiachanisha hadi mwisho. Kwa mwanamume, ncha ioshwe na ipanguswe. Mkojo wa mwanzo uache uende zake. Baada ya sekunde chache, kinga wa katikati kwa kikopo, bila ya kikopo kugusa ngozi. Nusu ya kikopo inatosha. Wa mwisho naye amalizie chooni. Funga kifuniko bila ya kugusa ndani yake, andika jina, tarehe na saa.

Usikamue pampasi. Usichote kwenye beseni lililokuwa chini ya kitanda. Kama mzee hawezi kabisa, muuguzi anaweza kupitisha mpira mwembamba mara moja, akachukua mkojo na kuutoa mpira hapo hapo.

Sasa mbio zinaanza. Katika mazingira anayoyapenda, E. coli hugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu hiyo, bakteria mmoja huweza kuwa zaidi ya milioni mbili ndani ya saa saba. Kikopo kilichowekwa juu ya meza kwenye joto la Disemba, kikapanda daladala mchana, kitatoa majibu ya uongo: vijidudu vichache vya ngozi vitaonekana kama jeshi. Mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili. Kama haiwezekani, uweke kwenye friji, isiwe kwenye friza, na ufike kabla ya saa 24. Njiani utie kwenye deli lenye barafu, ukiwa umeufunga ndani ya mfuko wa plastiki. Kama umeme umekatika na barafu hakuna, bora uuchukue mkojo huo huko huko maabara.

Hatua ya tano: siku za kungoja

Bakteria huchukua siku moja au mbili kuota, na siku nyengine kujaribiwa dawa. Kwa hiyo majibu ni siku mbili hadi tatu. Kama mzee anaungua tu na hana homa, daktari anaweza kumpa panadoli na maji, au kuanza na dawa nyepesi. Kama hali si nzuri, atamwanzishia dawa anayoiona inafaa na kuibadilisha majibu yakitoka. Shida ni kuwa majibu mengi hutoka na hakuna anayekwenda kuyachukua, kwa sababu mzee amepata nafuu kidogo. Nenda ukayachukue.

Hatua ya sita: kuisoma karatasi pamoja na daktari

Juu huandikwa jina la bakteria. Chini yake huja orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa herufi moja. S maana yake dawa inamuua. R maana yake bakteria ni sugu kwake. I ni katikati, na huhitaji dozi kubwa au uamuzi wa daktari. Ukikuta imeandikwa kuwa wameota bakteria wa aina nyingi mchanganyiko, mara nyingi mkojo uliingia uchafu wakati wa kuuchukua. Hayo si majibu ya kutibia, rudia sampuli.

S nyingi kwenye karatasi hazina maana kuwa uchague iliyo kali. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki makundi matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa tahadhari, na za akiba. Nitrofurantoini ni ya kuanzia, na mara nyingi hata E. coli mwenye ESBL bado huuliwa nayo. Sipro na seftriaksoni ni za tahadhari, na sindano ya meropenemu pia. Kama kidonge cha kuanzia kina S, basi sindano ya bei kubwa haina kazi.

Mzee lakini si kijana. Kabla ya dawa kuandikwa, uliza kuhusu figo zake, yaani kipimo cha kreatinini. Nitrofurantoini haifai mtu ambaye figo zake zimechoka sana, wala haifiki vizuri kwenye figo au tezi dume, kwa hiyo mwenye homa na maumivu ya mgongo anahitaji dawa nyengine. Septrini, antibayotiki nyengine, ikichanganywa na dawa za presha kama enalapril au losartan huweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukapata shida. Sipro huweza kukata kano ya kisigino, na waliopita miaka 60 wako hatarini zaidi, hasa wanaotumia prednisoloni. Na sipro ikikutana na glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, huweza kuishusha sukari ghafla. Sindano ya jentamaisini huumiza figo na masikio. Sizitaji ili uikatae dawa. Nazitaja ili uliweke daftari mbele ya daktari na umwombe azitazame kwa pamoja.

Hatua ya saba: kumeza dawa

Fuata siku alizoandikiwa, usipunguze, na usiongeze kwa kuwa zimebaki dukani. Nitrofurantoini imezwe na chakula, na mkojo kuwa wa rangi ya chai si jambo la kutisha. Akianza kukohoa na kukosa pumzi baada ya kuianza, isimamishwe na arudi kwa daktari. Sipro isimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu, wala dawa ya kiungulia, kwa sababu hivyo huizuia isiingie mwilini. Ipishanishe navyo kwa saa kadhaa.

Mwezi wa Ramadhani huleta mtihani wake. Mzee mwenye homa au maumivu ya figo ana ruhusa ya kula, na ni vyema alisikie hilo kutoka kwa mtu anayemheshimu, imamu wa mtaani au mkubwa wa nyumba, maana akiambiwa na mjukuu huenda asikubali. Aliyepona homa na kubakiwa na vidonge vya mara mbili kwa siku anaweza kumezeshwa futari na daku, ila dawa ya mara nne kwa siku haiingii katika funga. Mwambie daktari mapema.

Akimaliza dawa na dalili zimeondoka, usipeleke mkojo kupimwa tena "kuona kama umesafika". Utawakuta bakteria wasiomdhuru, na mzunguko utaanza upya.

Mwenye mpira wa mkojo

Mzee aliyewekewa mpira kwa muda mrefu atakuwa na bakteria kwenye mkojo kila siku ya maisha yake, na hilo halitibiwi hadi aumwe. Kila mwezi uliza: mpira huu bado unahitajika? Babu aliyewekewa kwa sababu ya tezi dume anaweza kuwa na njia nyengine, ila hakuna aliyeuliza tangu alipotoka wodini.

Mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu, ila usilale sakafuni. Ufungue pale tu unapomwaga, na nawa mikono kabla na baada. Usiuinue juu ya tumbo wakati wa kumgeuza mzee, maana mkojo utarudi ndani. Akipata homa na sampuli inahitajika, isichukuliwe kwenye mfuko. Kama mpira umeshapita wiki mbili, ubadilishwe kwanza na mkojo uchukuliwe kutoka mpira mpya.

Kupunguza UTI zinazorudi

Wazee wengi hawanywi maji kwa hiari yao, kwa kuwa choo kipo uani, giza, na goti linauma. Ukimwambia "kunywa maji bibi" bila ya kumpa taa, njia isiyoteleza na kiti cha choo karibu na kitanda, humsaidii. Mpe kikombe asubuhi, kikombe kila baada ya sala, na uji mwepesi. Apunguze kuanzia magharibi ili alale. Mwenye moyo au figo zilizochoka apangiwe kiasi na daktari.

Tibu na choo kigumu, kwa kuwa utumbo uliojaa hukibana kibofu kisimalize mkojo. Pampasi ibadilishwe mara tu inapochafuka. Kuchamba ni mbele kwenda nyuma, kila mara, na anayemchambisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda jikoni, kwani bakteria sugu hukaa kwenye utumbo na huhama kwa mikono hadi kwa watoto wa nyumba hiyo hiyo. Mwanamke aliyekoma hedhi na anapata UTI kila mara anaweza kuandikiwa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Hupunguza kurudi kwa UTI na haina uhusiano na antibayotiki.

Zikifika mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu ndani ya mwaka, na kila mara mkojo umeoteshwa ukathibitika, usikubali kuandikiwa dozi nyengine na kurudi nyumbani. Omba afanyiwe utrasaundi ya figo na kibofu, na mkojo unaobaki upimwe mara tu baada ya kukojoa. Jiwe, tezi dume iliyokua, au kibofu kisichojimaliza kwa sababu ya kisukari cha miaka mingi, hakuna kidonge cha antibayotiki kitakachokiondoa.